Mzinga wa Liuli na Urithi wa Meli za Ziwa Nyasa

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa)



Tarehe 13 Agosti, 1914, meli ya Waingereza iliyoitwa Guendolen iliikaribia bandari ya Liuli, katika mwambao ambao leo ni Wilaya ya Nyasa, Mkoa wa Ruvuma. Wajerumani waliokuwa wakitawala wakati huo hawakuiita Liuli. Waliiita Sphinxhafen, kwa sababu ya jabali kubwa la hapo ambalo machoni mwao lilifanana na sanamu mashuhuri ya Misri. Nje ya maji, juu ya chelezo, ilikuwako meli yao, Hermann von Wissmann, ikifanyiwa matengenezo.

Nahodha wa Guendolen, Edmund Rhoades, alikuwa amepewa amri ya kuizamisha, kuichoma au kuiharibu meli hiyo. Nahodha wa Wissmann, aliyeitwa Berndt, hakuwa na habari yoyote kwamba nchi yake na Uingereza zilikuwa vitani tangu tarehe 4 ya mwezi ule. Mzinga mdogo wa Guendolen ulipigwa, ukakosa, ukapigwa tena, hata shabaha ikapatikana. Inasimuliwa kwamba Berndt alirukia mashua, akapiga makasia kuelekea kwa Rhoades, ambaye alizoea kunywa naye, akamwuliza kwa hasira kama amelewa. Akaambiwa kwamba vita vimeanza, na yeye ni mateka. Gazeti la London likatangaza ushindi wa majini katika Ziwa Nyasa.

Kisa hiki kimeandikwa mara nyingi katika vitabu vya wageni, na kila kinapoandikwa wasomaji hucheka. Ni kisa cha manahodha wawili, chupa na mzinga. Lakini mwalimu wa historia anayekisoma kwa makini atagundua jambo la kusikitisha. Katika masimulizi yote hayo, yaliyotokea mbele ya macho ya wakazi wa Liuli, hakuna mkazi wa Liuli hata mmoja. Hakuna mvuvi aliyekuwa katika mtumbwi wake asubuhi ile. Hakuna mpasua kuni, hakuna mpakia mizigo, hakuna mama aliyewakusanya watoto mzinga uliponguruma. Bandari ipo, jabali lipo, meli zipo, lakini wenye nchi hawapo.

Hilo ndilo jambo linalostahili kuzungumzwa. Urithi wa meli na mabaharia wa Ziwa Nyasa ni mali ya wananchi wa mwambao huo kabla ya kuwa kichekesho cha watu wengine. Mali hiyo haina daftari, nao wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwanza hapana budi kusahihisha kosa moja ambalo limekuwa likirudiwa. Husemwa kwamba tukio la Liuli lilikuwa pambano la kwanza la majini katika Vita Kuu ya Kwanza. Sivyo. Tarehe 5 Agosti, 1914, Waingereza walikuwa wamekwisha kuizamisha meli ya Wajerumani, Königin Luise, katika Bahari ya Kaskazini. Hata katika Tanganyika yenyewe, tarehe 8 Agosti, manowari ya Waingereza iitwayo Astraea iliupiga mizinga mji wa Dar es Salaam, ikilenga kituo cha simu ya upepo. Liuli haikuwa ya kwanza, wala haihitaji kuwa ya kwanza ili iwe na maana. Mtu anayetaka kuheshimu urithi wake hana haja ya kuupamba kwa sifa isiyo yake. Mtoto akifundishwa jambo lisilo kweli kwa nia njema, siku atakapogundua ukweli ataacha kuamini hata yale yaliyo sahihi.

Pili, haifai kuacha kisa kikiishia pale kilipokuwa kichekesho. Wajerumani waliendelea kuishughulikia meli yao, na ilipofika tarehe 30 Mei, 1915, Waingereza walirudi Liuli kwa nguvu zaidi, wakateremsha askari nchi kavu na kuiharibu Wissmann. Safari hiyo hapakuwa na rafiki aliyeuliza kama mwenzake amelewa. Baadaye, mwaka 1918, meli hiyo ilifufuliwa na Waingereza, ikapewa jina la mfalme wao, King George V. Chuma kilikuwa kile kile. Aliyebadilika ni bwana aliyepakwa jina lake ubavuni.

Sasa yafaa kuuliza: Meli hizo zilifikaje ziwani? Ziwa Nyasa limezungukwa na nchi kavu, na mto wake wa kutokea, Shire, una maporomoko makubwa yasiyopitika kwa chombo chochote. Kwa hiyo kila meli ya zamani ilikuja vipande vipande, kwa njia ya Mto Zambezi na Mto Shire, na penye maporomoko vipande hivyo vilishushwa na kubebwa na binadamu. Mfano ulio wazi kabisa ni meli ya misheni ya Kianglikana, Chauncy Maples, ambayo kwa miaka mingi ilihudumia vituo vya mwambao. Ilitengenezwa Glasgow, ikafunguliwa na kufungwa katika mizigo zaidi ya 3,400. Boila lake peke yake lilikuwa na uzito wa tani 11 hivi. Boila hilo liliwekwa juu ya magurudumu, likakokotwa kwa kamba na Wangoni wapatao 450 kwa mwendo wa kilomita 100 na ushei, kupanda na kushuka. Mwaka 1901 meli iliingia majini. Jina la askofu aliyezama katika ziwa hilo mwaka 1895 limeandikwa ubavuni mwa meli. Majina ya watu 450 waliokokota boila hayakuandikwa popote.

Na meli ikishaingia majini, ilikula nini? Ilikula kuni. Mitambo ya mvuke ya ziwani iliwashwa kwa kuni, na kuni hizo zilikatwa, zikapasuliwa, zikapangwa ufukoni na watu wa vijiji vya pwani. Kila safari ya nahodha ilianzia katika shoka la mwanakijiji. Vita vilipoanza, shoka na bega viliongezewa mzigo. Katika kampeni yote ya Afrika Mashariki, Waingereza peke yao waliwatumia Waafrika wapatao milioni moja kama wapagazi na vibarua, na inakadiriwa kwamba zaidi ya 90,000 walikufa, wengi wao kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Upande wa magharibi wa ziwa waliitwa tengatenga, yaani wachukuzi, na neno hilo lilibaki katika kumbukumbu za wazee kama neno la uchungu.

Hapo kisa kinageuka. Meli ya kikoloni si ya nahodha peke yake. Ni ya aliyeikokota, aliyeilisha kuni, aliyeipakia, aliyeisafisha na aliyeogopa mzinga wake. Mwalimu anayefundisha hivyo hawatukuzi wakoloni hata kidogo. Anamrudishia mnyonge nafasi yake katika historia aliyoijenga kwa jasho.

Wako watakaosema kwamba mambo ya makumbusho ya meli ni ya nchi tajiri. Ni kweli kwamba nchi hizo zinayo mengi ya kuonyesha, lakini yafaa kutazama kwa makini wanachofanya. Katika mji wa Gosport, kusini mwa Uingereza, iko makumbusho ya nyambizi, yaani zile manowari zinazokwenda chini ya maji. Ndani yake imewekwa nyambizi ya kwanza ya jeshi la majini la nchi hiyo, Holland 1, iliyoshushwa majini mwaka 1901, mwaka ule ule wa Chauncy Maples. Nyambizi hiyo ilipochakaa iliuzwa kama chuma chakavu, na mwaka 1913, ilipokuwa ikikokotwa kwenda kuvunjwa, ikazama. Hakuna aliyeijali. Miaka karibu 70 baadaye, watu wale wale waliokuwa wameitupa waliitafuta, na mwaka 1982 wakaiinua kutoka chini ya bahari kwa gharama na taabu kubwa. Funzo ni dhahiri. Kutunza mapema ni rahisi kuliko kufukua baadaye, na kitu kinachoonekana takataka leo huweza kuwa hazina kwa wajukuu.

Lakini liko funzo la pili, kubwa zaidi. Katika makumbusho hayo iko nyambizi nyingine, Alliance, ambayo wageni huingia ndani yake na kupita kutoka tezi hadi omo. Wanaowaongoza ni pamoja na mabaharia wastaafu, watu waliolala katika vitanda vile vyembamba na kuijua harufu ya mafuta yake. Mtoto wa shule hapewi chuma kutazama tu. Anapewa mtu wa kumwuliza. Kumbe roho ya makumbusho ni yule mzee anayeeleza. Wazee wa kueleza hawapungui Liuli, Mbamba Bay wala Lituhi. Kinachopungua ni miaka yao.

Wale walioshuhudia mzinga wa 1914 wamekwisha kufariki wote. Watoto wao nao, wengi wamekwisha. Wajukuu waliosikia habari hizo utotoni, wakiwa wamekaa kando ya moto, sasa ni wazee. Kila mwaka unaopita unazika maktaba ambayo hakuna aliyeisoma. Jengo laweza kungoja bajeti ya mwaka ujao, lakini mzee wa miaka 90 hawezi kungoja.

Tena urithi wa ziwa hauishii katika vita. Ziwa hili lina urefu wa karibu kilomita 580, na kina chake hufikia mita 700 na zaidi. Wavuvi wake wanajua upepo uitwao mwera unavyoweza kugeuza maji matulivu kuwa milima kwa muda mfupi. Mwezi Julai, 1946, meli iitwayo Vipya, iliyokuwa imeanza kazi muda mfupi tu kabla, ilizama kwa dhoruba upande wa magharibi wa ziwa, na watu wapatao 145 wakapoteza maisha. Elimu ya kusoma mawingu, ya kuchagua mti wa kuchonga mtumbwi, ya kujua ghuba ya kukimbilia upepo unapochafuka, ni urithi wa ubaharia sawa na mzinga wowote. Tofauti ni kwamba mzinga uliua, na elimu hiyo inaokoa. Kijana anayekwenda kuvua mbasa na dagaa bila elimu hiyo, hata kama mashua yake ina injini, yumo hatarini kuliko babu yake aliyekuwa na kafi.

Yaweza kuulizwa, na ni swali la haki, kama huu ndio wakati wa kushughulika na mambo hayo. Wananchi wanataka dawa katika zahanati, madawati katika madarasa, soko la kahawa ya Wamatengo na la samaki wa Wanyasa. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imekwisha kujengwa, meli ya MV Mbeya II ilianza safari zake mwaka 2021, na kilichobaki ni watu kufanya kazi. Jibu ni kwamba mambo hayo hayapingani. Barabara hiyo hiyo inayoshusha mbolea na kupandisha samaki inaleta wageni na wanafunzi. Wakifika Liuli wakaonyeshwa jabali bila maelezo, watapiga picha na kuondoka. Wakifika wakakuta kijana aliyefundishwa vizuri, anayeweza kuwaeleza historia ya bandari kwa ukweli na kwa heshima, watakaa, watalala, watakula, na watarudi. Lakini hata kama hasingefika mgeni mmoja, bado mtoto wa Liuli angestahili kujua kilichotokea mbele ya nyumba ya babu yake.

Liko pia suala la majina. Jabali lile ambalo Wajerumani waliliona kuwa sanamu ya Misri, wenyeji hulijua kwa jina la Pomonda, nao husimulia kwamba lilikuwa maficho ya watu nyakati za vita na misako. Mgeni aliona sanamu, mwenyeji aliona kimbilio. Katika ramani za zamani, Manda pia iliitwa Wiedhafen. Majina hayo ya Kijerumani yamekwisha kufutika, lakini majina ya wenyeji nayo yatafutika yasipoandikwa pamoja na sababu zake. Vivyo hivyo kwa mipaka. Mkataba wa tarehe 1 Julai, 1890, uliohusu mpaka wa ziwa hili, ulitiwa sahihi na Wajerumani na Waingereza ambao hawakumwuliza mvuvi hata mmoja. Mazungumzo ya serikali za Tanzania na Malawi juu ya mpaka huo yana watu wake na utaratibu wake. Kazi ya mwalimu na mzee ni nyingine: kuandika jinsi wananchi walivyoyatumia maji hayo, walivyovua, walivyosafiri na kuoana ng'ambo na ng'ambo. Watu wa pande mbili za Nyasa ni ndugu, na urithi wa ubaharia ni wao wote.

Kwa hiyo, ni nini kinachoweza kufanywa sasa, bila kungoja mfadhili?

Kwanza, mwalimu wa shule ya msingi au sekondari ya mwambao anaweza kuwapa wanafunzi wake kazi moja kila muhula: kila mwanafunzi amwendee mzee mmoja, amsalimu kama inavyopasa, amwulize maswali matano juu ya ziwa, mitumbwi, meli, kuni na vita, kisha aandike jibu katika daftari, pamoja na jina la mzee, kijiji na tarehe. Baada ya miaka michache shule itakuwa na hazina ambayo hakuna chuo kikuu chochote kinayo.

Pili, afisa utamaduni wa wilaya anapaswa kuitembelea bandari ya Liuli akiwa na kalamu na kamba ya kupimia, aandike kilichobaki na mahali kilipo. Yafaa ikumbukwe kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863. Mabaki ya 1914 hayalindwi mpaka yatangazwe. Ina maana kwamba mfanyabiashara wa chuma chakavu akifika leo, hatazuiwa na sheria hiyo. Atazuiwa na wananchi wanaojua thamani ya kitu walicho nacho, au hatazuiwa kabisa. Kuandaa maombi ya kutangazwa ni kazi ya mezani, na watumishi wa umma wanaijua.

Tatu, viongozi wa vijiji na wazee wakubaliane juu ya siku moja katika mwaka ambapo habari za ziwa zitasimuliwa hadharani. Songea inayo siku yake. Kila tarehe 27 Februari wananchi huwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906, na Makumbusho ya Majimaji yamekuwa darasa la Mkoa mzima. Mwambao nao unaweza kuwa na siku, si ya kushangilia ushindi wa Mwingereza juu ya Mjerumani, bali ya kuwakumbuka waliobeba, waliokata kuni, waliozama na waliovusha watu salama. Siku hiyo haihitaji jukwaa la fahari. Inahitaji kivuli cha mwembe, mtumbwi mmoja uliovutwa ufukoni, na mzee anayesikilizwa.

Nne, wataalamu wa makumbusho wa Taifa wawasaidie wananchi hao kwa ushauri, kama wenzi wa kazi. Mara nyingi mtaalamu hufika kijijini, akauliza, akaandika, akaondoka na daftari lake, na kijiji kisilione tena. Jambo hilo likomeshwe. Kila kinachoandikwa juu ya Liuli, nakala yake ya kwanza ikae Liuli.

Mfano wa jinsi Taifa linavyoweza kukitwaa chombo cha mtawala na kukifanya kuwa chake upo katika Ziwa Tanganyika. Meli Graf von Goetzen ililetwa na Wajerumani kwa ajili ya utawala wao, ikatumika vitani, ikazamishwa na wao wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi ilibeba mahindi, dagaa, wagonjwa na wakimbizi. Hakuna mtu wa Kigoma aliyeiita meli ya Mjerumani. Waliiita Liemba, nayo ikaitika.

Wissmann haipo tena kuitika. Kilichobaki Liuli ni ghuba, jabali la Pomonda, na maneno yaliyomo vinywani mwa wazee. Ghuba na jabali vitakuwapo miaka 100 ijayo bila msaada wa mtu. Maneno hayatakuwapo. Mwanafunzi aliye na kalamu, mwalimu aliye na subira na mtumishi aliye na mhuri wanaweza kuyaokoa katika muhula mmoja, iwapo wataanza na mzee aliye karibu nao, kesho baada ya masomo.